Kabla ya Swindon

Mashabiki wa spidiwei, mbio za pikipiki, wakimtaja Leigh Adams, Swindon haikosi kutajwa. Mwaustralia huyo aliiendeshea klabu hiyo ya Uingereza misimu mingi hadi alipostaafu mwaka 2010. Alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1992, na mwaka 2007 akamaliza wa pili duniani. Sifa ni zake. Mimi nauliza juu ya mji alikotoka.

Alitoka Mildura, mji wa mizabibu na michungwa usiofikisha watu laki moja. Phil Crump, wa tatu duniani mwaka 1976, naye ni wa huko huko. Maji ya mto Murray yana nini? Hayana kitu. Mildura ina uwanja wa mbio, na watoto wanaachiwa waendeshe humo.

Huku kwetu Kiambu, nchini Kenya, Ruiru peke yake ilikuwa na watu karibu laki tano katika sensa ya 2019. Ongeza Thika, mji wetu wa mananasi. Tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008, nduthi zimejaa kila steji kuanzia Kimbo hadi Makongeni, na hatukosi mafundi wa kuishusha injini na kuirudisha abiria akingoja.

Pikipiki ya spidiwei haina breki, na gia yake ni moja. Wanne hushindana mizunguko minne: wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anakula vumbi. Mwendeshaji hulipwa kwa pointi, na injini ni juu yake mwenyewe. Mtu wa boda angeielewa biashara hiyo kabla chai haijapoa.

Basi tuache kungoja ajenti aje "kugundua kipaji". Hapa hapa Kiambu, mjini Kikuyu, David Kinjah aligeuza boma lake kuwa shule ya baiskeli. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipitia mikononi mwake, akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006, kisha akahamia leseni ya Uingereza na kushinda Tour de France mwaka 2013. Tulimpoteza, ndiyo. Lakini wanaolalamikia leseni hawaulizi Kinjah alisaidiwa na nani.

Mtasema mbio hizi ni za hatari. Ni kweli: Adams mwenyewe aliumia uti wa mgongo mwaka 2011, akijiandaa kwa mbio za jangwani nyumbani Australia. Ila katika ligi ya Uingereza injini haziwashwi bila wahudumu wa afya uwanjani. Kijana wetu anakata kona Thika Road usiku, kwenye mvua, na abiria wawili nyuma, na anayemngojea ni polisi wa trafiki. Kaunti ikitenga ekari chache za uwanja wa spidiwei na ambulensi moja, hatari hiyo itapungua au itaongezeka?