Ruzuku ya kaya maskini ifuate kalenda ya jembe

TANGU Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipoanza kutekeleza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, mjadala juu ya fedha zinazotolewa mkononi kwa walengwa umezunguka swali moja: je, fedha hizo zinatumika vizuri au zinaishia kwenye vilabu vya pombe? Swali hilo limekwishapata majibu. Lililobaki bila kupewa uzito unaostahili ni la wakati. Fedha hizo zinamfikia mkulima mwezi gani?

Viwango vilivyoanza kutumika chini ya mpango huo vinajulikana. Kila kaya ililipwa Sh10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto wa chini ya miaka 18 iliongezewa Sh4,000, na yenye mtoto mdogo anayepelekwa kliniki iliongezewa Sh4,000 nyingine. Kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi iliongezwa Sh2,000. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili.

Chukua mfano wa bibi anayelea wajukuu wanne katika kijiji cha wilayani Chamwino, mmoja akiwa mchanga na watatu wako shule ya msingi. Kwa viwango hivyo, kaya yake ilistahili Sh24,000 kwa mwezi, yaani Sh48,000 kila malipo. Kwa mtu wa mjini hizo ni fedha za matumizi ya siku chache. Kwa bibi huyo ni jambo jingine, na thamani yake inabadilika kulingana na mwezi aliozipokea.

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua. Wakulima hupanda kuanzia mwishoni mwa Novemba na Desemba, hupalilia Januari na Februari, na huvuna Mei na Juni. Bei ya nafaka nayo hufuata mzunguko huo. Huwa ya chini kabisa wakati wa mavuno, kisha hupanda hadi mvua zinapokolea na ghala kubaki tupu.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba debe la mahindi ni Sh8,000 mwezi Juni na Sh16,000 mwezi Februari. Juni bibi ana deni dukani, mjukuu anaumwa na michango ya kijiji inadaiwa. Akikosa Sh48,000 za kumaliza shida hizo, atauza debe sita, yaani gunia zima. Akija kupata Sh48,000 hizo Februari, zitamnunulia debe tatu tu. Nusu ya chakula cha wajukuu wake imepotea katikati, wala hakuna aliyeiba. Kama fedha zingemfika Juni, gunia lingebaki ndani.

Hasara haiishii hapo. Kaya isiyo na chakula Januari hulazimika kutafuta kibarua. Kazi ya kibarua inayopatikana kijijini wakati huo ni kupalilia mashamba ya wenye uwezo, na hufanyika katika wiki zile zile ambazo shamba la bibi nalo linataka palizi. Anarudi nyumbani jioni na kilo mbili za unga, huku magugu yakimaliza mahindi yake. Mavuno ya mwaka unaofuata yanakuwa madogo kuliko ya mwaka uliopita, na Juni inayofuata anauza tena. Ndivyo umaskini unavyojizalisha wenyewe. Si uvivu, kama wasemavyo baadhi ya watu wanaopita kijijini kwa gari.

Hali hiyo haiko Dodoma peke yake. Kule Mtwara na Lindi, shida ya fedha kabla ya msimu wa korosho huwasukuma wakulima kuuza mapema kwa walanguzi, biashara inayojulikana kama kangomba. Mkoani Kagera kahawa huuzwa ikiwa bado mtini kwa utaratibu uitwao butura. Majina ni tofauti, lakini ugonjwa ni ule ule: mkulima anauza jasho lake kwa bei ya kutupa kwa sababu fedha hazikuwepo siku aliyozihitaji.

Je, kaya maskini ikipewa fedha kwa wakati itazitumia vizuri? Majaribio ya kwanza ya TASAF, ambayo malipo yake yalianza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yalionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya afya, watoto wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuvaa viatu, na zilinunua mifugo, hasa kuku na mbuzi. Mbuzi ni akiba ya mkulima asiye na akaunti benki.

Nchini Kenya, utafiti uliofanyika eneo la Rarieda, Siaya, na kuchapishwa mwaka 2016 ulifuatilia familia zilizotumiwa fedha kwa simu. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba namna ya kulipa ilibadilisha matumizi. Waliolipwa kidogo kidogo kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliolipwa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu.

Nchini Zambia, katika wilaya ya Chipata, watafiti walikopesha familia za wakulima chakula au fedha katika miezi ya njaa, kwa makubaliano ya kulipa baada ya mavuno. Hiyo haikuwa ruzuku, lakini somo lake linahusika. Familia hizo zilipunguza vibarua, zikafanya kazi zaidi katika mashamba yao na mavuno yakaongezeka. Hata ujira wa vibarua katika vijiji hivyo ulipanda, kwa kuwa watu hawakuwa tena tayari kufanya kazi kwa malipo yoyote yale.

Kwa mantiki hiyo, marekebisho yanayohitajika hayadai bajeti mpya ya ruzuku. Kaya ya mfano huu ilistahili Sh288,000 kwa mwaka. Badala ya kuzigawa katika malipo sita yanayolingana, malipo mawili yangeweza kuwa Sh72,000 kila moja, na manne yaliyobaki Sh36,000 kila moja. Jumla ni ile ile. Malipo makubwa ya kwanza yatolewe mara baada ya mavuno, ili kaya isilazimike kuuza nafaka kwa bei ya chini. Ya pili yatolewe kabla ya mvua, kwa ajili ya mbegu na kulima.

Wapo watakaosema kwamba mpango huo utapunguza chakula katika miezi ya njaa. Hoja hiyo ina uzito, na kwa baadhi ya kaya ni kweli. Mzee asiyeweza tena kushika jembe hana faida na malipo ya msimu. Yeye anahitaji kiasi kile kile kila wakati. Ndiyo maana mlengwa apewe nafasi ya kuchagua mbele ya kamati ya kijiji, kila mwaka, utaratibu upi unamfaa. Kadhalika, kalenda ya Dodoma isipelekwe Kagera au Kilimanjaro, ambako kuna vuli na masika. Halmashauri zinaijua misimu yake. Zipewe jukumu la kupendekeza miezi.

Aidha, kuhifadhi gunia kunahitaji ghala lisiloingiliwa na dumuzi. Fedha za Juni zitakuwa kazi bure iwapo mahindi yatakuwa vumbi ifikapo Oktoba. Ofisa ugani anatakiwa kuwepo kijijini siku ya malipo, akiwa na maelezo juu ya mifuko isiyopitisha hewa na mbegu zinazostahimili ukame. Siku hiyo walengwa wote wako mahali pamoja. Ni nafasi ya kutoa elimu ambayo haipatikani kirahisi siku nyingine.

Jambo kubwa kuliko yote ni tarehe. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Malipo yanayochelewa wiki sita katika msimu wa kupanda yanakuwa yamekosa msimu wenyewe, na fedha hizo huishia kwa mkopeshaji aliyekwishaziwekea hesabu. Mkulima hawezi kupangia palizi ahadi isiyo na siku. Tarehe za malipo za mwaka mzima zibandikwe katika ofisi ya kijiji, na anayezivunja aulizwe, kama mlengwa anavyoulizwa mtoto wake asipohudhuria shule.

Mpango huu umewahi kukosolewa kwa upendeleo katika kuchagua walengwa, na uhakiki wa mwaka 2016 uliondoa kaya zisizostahili. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na inapaswa kuendelea. Lakini kumpata maskini wa kweli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfikishia fedha kabla hajauza gunia lake. Serikali inayopanga fedha hizo inafunga hesabu zake kila Juni. Ni mwezi huo huo ambao bibi wa Chamwino anafunga hesabu zake, na yake haina nyongeza ya bajeti katikati ya mwaka.