Selimundu: mfundishe kabla hajaenda bwenini

Wazazi wengi wa watoto wenye selimundu huwapa dawa wao wenyewe kila siku. Mtoto akipangiwa shule ya bweni, ndipo hofu inapoanza: nani atamkumbusha?

Anza mapema, kidogo kidogo. Mwezi huu ameze mwenyewe asidi ya foliki akimaliza kupiga mswaki asubuhi, nawe ukiangalia. Mwezi ujao uliza tu. Kisha mwachie tarehe za kliniki na chupa yake ya maji. Akisahau, usimgombeze, muulize nini kilimkwamisha, mpange upya pamoja.

Jambo moja alijue tangu leo: akipata homa, amwambie mtu mzima papo hapo, apelekwe hospitali. Kuomba msaada mapema nako ni kuwajibika.