Lubondja: Kuku wa wakimbizi hawakuleta upele, na sumu ya shamba si dawa ya utitiri

LUBONDJA (FIZI) – Familia ikishuka kutoka milimani kwa sababu ya vita na kupokelewa Lubondja, wiki za kwanza ni za pole na chakula cha pamoja. Mwezi mmoja au miwili baadaye, watoto wa mwenye nyumba wanaanza kujikuna usiku. Hapo lawama inatafuta mahali pa kukaa, na mara nyingi inakaa juu ya kuku wawili watatu ambao wageni walikuja nao, au juu ya mbuzi waliyempata kwenye mgao. "Walikuja na utitiri wao," ndivyo inavyosemwa. Kesho yake kuku anachinjwa kabla ya wakati, au mwenye nyumba ananunua sumu ya shamba iliyopimwa ndani ya chupa ya maji, ananyunyizia kuku, mbuzi, mikeka, na wakati mwingine vichwa vya watoto.

Maneno hayo si ya kweli, na sumu hiyo si dawa. Inafaa isemwe waziwazi, kwa sababu makosa haya mawili yanaleta hasara tatu: mifugo inakufa, watoto wanadhurika, na watu wa kiwanja kimoja wanachukiana kwa jambo ambalo wangelimaliza pamoja kwa muda wa wiki mbili au tatu.

Vidudu hivi si vya aina moja

Kidudu kinacholeta upele kwa mtu, ule unaoitwa gale kwenye kituo cha afya, kinaishi ndani ya ngozi ya mtu. Ni kidogo sana, hakifiki nusu milimita. Jike linachimba njia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Kinapita kutoka mtu kwenda kwa mtu, ngozi kwa ngozi: watoto wanaolala mkeka mmoja, mama anayembeba mtoto, mume na mke. Kuku hana kazi hapo.

Utitiri wa kuku ni mwingine. Aina moja inakaa kwenye manyoya na kwenye kiota. Nyingine inajificha mchana ndani ya nyufa za mbao na matete, halafu usiku inatoka kunyonya damu ya kuku aliyelala. Unaweza kumuuma mtu na kumwachia vipele vyekundu, lakini hauwezi kuishi ndani ya ngozi yake. Upele wa mbuzi nao ni wa mbuzi. Anayemshika sana mbuzi mgonjwa anaweza kuwashwa siku kadhaa, lakini vidudu hivyo haviwezi kuzaana kwa mtu, vinakufa vyenyewe.

Sasa tazama hesabu ya siku. Mtu anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa. Muda wote huo anaweza kuwaambukiza wengine bila kujua. Kwa hiyo mtoto wa mwenyeji aliyeanza kujikuna leo aliupata zamani kidogo, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani alianza. Kinachojulikana ni hiki: watu kumi wakilala chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu wanne, bila maji na sabuni ya kutosha, upele unapata njia. Aliyewabana watu hao ndani ya chumba kimoja ni vita. Kuku hakufanya hivyo, wala mama aliyekimbia na watoto mgongoni.

Huu si ugonjwa wa aibu, wala wa kabila fulani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 duniani wana upele, na tangu mwaka 2017 limeuweka kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Anayemcheka jirani yake kwa upele anacheka ugonjwa unaoweza kuingia kwake kesho.

Kwa nini sumu inashindwa

Wanaotetea sumu ya shamba wana hoja moja: "Tunaona vidudu vinakufa." Ni kweli, vile vilivyo juu ya kuku siku hiyo vinakufa. Lakini mayai yanabaki kwenye kiota, na wakubwa wengine wamejificha kwenye nyufa. Wakati wa joto, utitiri wa kuku unaweza kutoka yai hadi kuwa mkubwa kwa muda wa wiki moja hivi. Wiki inayofuata umerudi, na mwenye kuku ananunua chupa nyingine. Muuzaji ndiye anayepona.

Wafugaji wa mbali walijifunza jambo hilo hilo kwa mnyama ambaye hapa Fizi hapokelewi nyumbani. Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga nyoka ndani ya sanduku la kioo, hasa chatu wadogo ambao baadhi yao husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Nyoka nao wana utitiri wao, vidoti vyeusi vinavyoingia kando ya macho na chini ya magamba. Nyoka anashinda ndani ya bakuli la maji akitafuta nafuu. Mfugaji mgeni anakimbilia kumnyunyizia nyoka sumu ya mende, na mara nyingine nyoka anakufa huku utitiri unabaki kwenye pembe za sanduku. Aliyezoea anatoa kila kitu ndani ya sanduku, anaosha kwa maji ya moto, anatandika karatasi tupu, anampa mnyama dawa iliyopimwa na daktari wa mifugo, anarudia baada ya siku, na nyoka mpya hamchanganyi na wengine kabla ya wiki kadhaa kupita. Yeye na mama mwenye kuku watano Lubondja wana adui wa aina moja, na somo lao ni moja: safisha makao ya mnyama, usimalizie nguvu zako juu ya mnyama peke yake.

Hatari kwa watoto

Sumu nyingi za shamba zinaua mdudu kwa kuharibu mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto nao una mishipa ya fahamu. Zinapita kwenye ngozi, zaidi ngozi iliyochubuka kwa kujikuna. Dalili zake ni mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, kutetemeka na kupumua kwa shida. Mtoto akiwa hivyo, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, asilazimishwe kutapika, akimbizwe kituo cha afya pamoja na chupa ya sumu ili muuguzi ajue anapambana na nini. Na chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi, yenye sumu ndani, haipaswi kuwepo katika nyumba yenye watoto. Kuku aliyenyunyiziwa naye anaweza kuipitisha sumu kwenye mayai na nyama, na wanaokula ni watoto wale wale.

Mafuta meusi yaliyotolewa kwenye moteri ya pikipiki ni hivyo hivyo. Yanamchoma mbuzi ngozi, naye anayalamba.

Kuna kosa la tatu linaloanza kusambaa. Watu wamesikia kwamba ivermektini inatibu upele, na ni kweli. Waliotoa mwanga juu ya dawa hiyo, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndiyo dawa ya vidonge inayogawiwa sehemu nyingi za Kongo dhidi ya upofu wa mtoni. Lakini chupa ya sindano ya mifugo si kidonge cha mtu. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 ndani ya kila mililita, yaani mililita moja ni kipimo cha mnyama wa kilo 50. Anayemnywesha mtoto wa kilo 10 kijiko cha dawa hiyo anacheza na maisha yake. Hata vidonge vya watu kwa kawaida havipewi mtoto aliye chini ya kilo 15 wala mama mjamzito.

Kinachofanya kazi, na hakihitaji pesa nyingi

Watasema: daktari wa mifugo yuko mbali, na dawa ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana ianzwe na vitu vilivyopo Lubondja.

Kwa kuku: toa majani yote ya viota na uyachome mbali na nyumba. Mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa na kwenye fito wanapolala, kuku wakiwa nje. Anika mbao juani. Paka mawese kwenye ncha za fito, maana utitiri unajificha hapo. Weka majivu makavu ndani ya shimo dogo ili kuku wajigaragaze. Kuku mwenye magamba yaliyoinuka miguuni apakwe mawese miguuni, vidudu vya hapo vinakosa hewa. Rudia yote baada ya siku 7, na tena baada ya 7 nyingine. Kuku wasilale ndani ya chumba cha watu.

Kwa mbuzi mwenye ngozi iliyokauka na kutoka nywele masikioni, puani au miguuni: atengwe, zizi lifagiliwe, naye adungwe sindano na mtu wa mifugo anayejua uzito na kipimo. Mara nyingi inarudiwa baada ya wiki mbili. Maziwa na nyama yake visiliwe kabla ya siku atakazosema kwisha. Mbuzi au kuku mpya akae peke yake wiki mbili au tatu.

Kwa watu: kituo cha afya. Kuna dawa ya kupaka kama benzili benzoati, na kipimo cha mtoto si kile cha mtu mzima. Kila anayelala nyumba hiyo atibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Siku hiyo nguo na mablanketi vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko siku 3 au zaidi, maana kidudu cha upele mbali na mwili wa mtu hakidumu. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya vidudu kufa. Wengi hapo wanadhani dawa imeshindwa, na wanarudi kwenye sumu. Wasirudi kwenye sumu, warudi kwa muuguzi.

Kidudu hakisomi orodha

Neno la mwisho ni kwa wanaoleta misaada na wanaoongoza. Dawa ikigawiwa kwa orodha ya wakimbizi peke yao, mwenyeji anayelala nao chumba kimoja anabaki na upele wake, na baada ya mwezi unarudi kwa wale waliotibiwa. Dawa ikigawiwa kwa wenyeji peke yao, ni vile vile. Kidudu hakiulizi nani ana kadi, nani alizaliwa Lubondja, nani alishuka kutoka milimani. Hesabu iwe ya kiwanja: wote wanaolala humo, siku moja.

Na anayegawa mbuzi na kuku bila kumleta mtu wa mifugo wa kuwakagua kabla, na wa kurudi baada ya mgao, anagawa pia magonjwa, kisha anawaachia wakimbizi lawama.

Mashefu, wachungaji, maimamu na wazee wa baraza wanaweza kulisema hili wiki hii bila kungoja mradi: sumu ya shamba isiguse ngozi ya mtoto wala ya mnyama, na asifukuzwe mtu kwenye nyumba kwa sababu ya kuku wake. Wenyeji na wageni wachague siku moja, wachemshe maji pamoja, wafue pamoja, wapeleke watoto wote kituo cha afya pamoja.