Seva ya Donholm Ikae Wapi?
Kundi dogo la wakazi wa Donholm, Nairobi, linalotaka kukodi seva, yaani kompyuta inayohifadhi data na kuwahudumia watumiaji usiku na mchana, huvutiwa kwanza na bei nafuu za Ulaya, ilhali jambo zito zaidi ni umbali. Seva iliyo Nairobi hubadilishana data na mitandao ya humu nchini kupitia KIXP, kituo kilichoanzishwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano, kisha kikafunguliwa tena 2002, na majibu huja upesi kwa kuwa data haivuki bahari. Ama kipimodata, yaani wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde moja, maandishi huhitaji kidogo mno (walafi ni picha na video), hivyo kwa kundi linalotumia maandishi tu kifurushi cha chini chatosha. Mkataba usiotaja gharama ya kuzidisha kiwango cha data usitiwe saini.