Swali Lipimwe Shambani Kabla ya Kutiwa Katika Simu

Siku hizi Serikali haiji tena shambani na karatasi. Yaja na simu. Katika hesabu ya watu iliyoanza usiku wa tarehe 24 Agosti, 2019, makarani wa Kenya waliacha karatasi kwa mara ya kwanza wakatumia vishikwambi. Watu 47,564,296 waliandikwa, na katika hao 1,155,574 walikuwa wa Kaunti ya Kisumu. Mwaka 2023 ikafuata kazi ya kuwaandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya bei nafuu. Tena twaletewa maswali mengine, ya mifugo, ya mafuriko, ya miwa. Mara kwa karani aliyeshika kishikwambi, mara kwa namba ya nyota katika simu ya mulika-mwizi.

Mimi siyapingi mambo haya. Karatasi zililowa, zikaliwa na mchwa, na kuzihesabu kulichukua miezi mingi. Lakini chombo kipya hakiwezi kuliponya swali baya. Swali lililotungwa mezani na mtu asiyelijua shamba la Koru wala la Muhoroni, likitiwa katika simu, litaleta jibu la uwongo upesi kuliko zamani.

Chukua swali hili ambalo wengi wetu tumelisikia: "Mwaka jana ulivuna kilo ngapi?" Mwenye miwa ajibu nini? Miwa yetu yakaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Ikiwa haikukatwa mwaka jana, atasema hakuvuna kitu. Mashine itaandika sifuri, na huko juu ataonekana kama mtu aliyeliacha shamba lake. Mwenye mahindi naye ana misimu miwili, chwiri na opon, ataje upi? Tena hapimi kwa kilo. Nyumbani apima kwa gorogoro, sokoni kwa debe na gunia. Mama akisema "gorogoro arobaini," kijana mwenye kishikwambi atafanya hesabu kichwani, jua likimchoma, na kila kijana atapata hesabu yake mwenyewe. Ingekuwa rahisi kuiweka gorogoro ndani ya programu, mashine ikazidisha yenyewe.

Ardhi ni mbaya zaidi. Tangu Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962, watu wa skimu twasema ekari, wala si hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mwenye ekari 4 akiandikwa hekta 4, mashine yampa karibu ekari 10, na hakuna atakayeshtuka, maana ekari 10 katika skimu si ajabu.

Hapa ndipo jambo liligusapo tumbo. Mbolea ya bei nafuu, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, hugawanywa kwa kufuata ekari na mazao yaliyoandikwa, na ujumbe hupelekwa kwa namba ya simu iliyoandikwa. Aliyeandikwa ekari pungufu apata mifuko pungufu. Aliyetoa namba ya mwanawe aliye Nairobi, ujumbe wenda Nairobi, na mvua haimngoji mwana apige simu nyumbani.

Lakini swali linalonisumbua kuliko yote ni lile la "jina la mwenye shamba." Katika skimu zetu hati nyingi zingali na jina la babu aliyepewa shamba zamani, naye amekwisha kufariki. Wana wamegawana kwa mdomo, na sehemu moja yalimwa na mjane. Ukiuliza mwenye shamba ni nani, watu wa heshima watamtaja marehemu. Ukiuliza, "Msimu huu ni nani alimaye hapa?" watamtaja mama yule yule anayeshika jembe. Maneno machache yamebadilika, na mtu mzima ameonekana ambaye hapo kwanza hakuwako katika kitabu cha Serikali.

Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini. Chuoni twafundishwa kwamba darasa zima likikosa swali moja, mwalimu alitazame swali kwanza. Uingereza, idara iliyoundwa mwaka 2011 kusimamia kazi za Serikali za mtandao ilitoa kanuni zake mwaka 2012, na ya kwanza ni kuanza na mahitaji ya mtu atakayetumia. Naye Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribisha watu 5 tu, makosa mengi ya chombo yatakwisha kuonekana.

Basi watafutwe 5: mzee wa miwa wa Muhoroni, mjane, mkulima wa mpunga wa Ahero, kijana aliyekodi shamba, na mtu asiyesoma. Bwana Shamba au Bibi Shamba aketi na kila mmoja, ampe simu mkononi, kisha anyamaze. Aandike mahali anaposita. Asimsaidie! Swali litengenezwe, waendewe wengine. Kabla ya hesabu ya 2019 yalifanywa majaribio mwaka 2018, na fomu yenyewe ilipata nafasi mpya ya watu wenye jinsia mbili, ambao hesabu za zamani hazikuwa na mahali pa kuwaweka; wakaandikwa 1,524. Fomu si Msahafu wala Biblia, yabadilika watu wakisema.

Labda wakubwa watasema hakuna fedha. Siku mbili za watu watano na nauli ya matatu ni rahisi kuliko kurudia kuandikisha lokesheni nzima.

Wakulima nasi tuna hila zetu, tusijifanye malaika. Mwingine huficha ng'ombe akihofia kodi. Mwingine, baada ya mafuriko kama yale ya Nyando ya mwaka 2024, huongeza ekari zilizozama. Nadhani hila hizi hukua kwa sababu hatuletewi habari. Twaulizwa, twajibu, kisha kimya. Yale yaliyopatikana yangesomwa katika baraza la Chifu, mbele ya majirani wanaojua mipaka, mwongo angeona haya.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na ya kutaka yaliyo makosa yasahihishwe. Kwa hiyo karani ajapo, mwambie akusomee tena yote kabla ya kutuma: jina, ekari, mazao, na namba ya simu, moja moja, nawe ukiwa na simu yako mkononi ukizilinganisha.