Silaha Chini ya Sheria

Wapo wasemao kwamba mapinduzi ya kijeshi hayawezi kutokea Ulaya. Historia yawakanusha. Ugiriki, kitovu cha demokrasia ya kale, ilitawaliwa na wanajeshi tangu 1967 hadi 1974. Nchini Hispania, tarehe 23 Februari 1981, Luteni Kanali Antonio Tejero aliliteka Bunge akiwa na askari wenye silaha, na vifaru vikaingia katika mitaa ya Valencia. Jaribio hilo lilishindwa: Mfalme Juan Carlos aliitetea katiba, vikosi vingi vikamtii, na siku chache baadaye wananchi wakafurika barabarani.

Basi, ndugu wapendwa, demokrasia hailindwi na utajiri wala sifa ya ustaarabu, bali na utii wa wenye silaha kwa sheria, na ujasiri wa raia. Tuyafundishe hayo kambini, shuleni na makanisani, kabla ya usiku wa majaribu.