Tuzo ya msimu isiamuliwe na usiku mmoja

KILA msimu wa kandanda unapofikia tamati, mabishano huzuka upya katika vyumba vya walimu, mabwenini na vibandani: ni nani aliye mchezaji bora? Katika shule ninakofunza, swali hilo limewahi kuchelewesha kikao cha walimu kwa zaidi ya robo saa. Mwalimu wa Hisabati alikuwa na takwimu zake, mwalimu wa Historia alikuwa na hesabu ya vikombe, nao wanafunzi waliokuwa wameleta madaftari wakasimama mlangoni wakisikiliza, kila mmoja na hukumu yake moyoni.

Sikuona ubaya wa mabishano hayo. Nililoona ni kwamba hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la awali: tunapima nini? Mwalimu anayesahihisha insha bila mwongozo hutoa alama kwa hisia. Leo atavutiwa na hati nzuri, kesho na methali nyingi, na keshokutwa na tamu ya hitimisho. Ndivyo tunavyofanya sisi mashabiki na, kwa maoni yangu, ndivyo wanavyofanya hata baadhi ya waliokabidhiwa kura.

Hebu tuutazame msimu wa 2024/25, maana unalidhihirisha jambo hili waziwazi. Wachezaji wa kulipwa nchini Uingereza walimchagua Mohamed Salah wa Liverpool kuwa bora wao, na wanahabari wa kandanda nchini humo wakamchagua yeye pia. Mnamo Septemba 22, 2025, jijini Paris, tuzo ya Ballon d'Or, yaani Mpira wa Dhahabu, ilimwendea Ousmane Dembélé wa Paris Saint-Germain. Salah alikuwa wa nne, naye Achraf Hakimi, mlinzi wa Morocco, akawa wa sita. Kisha Novemba mwaka huo, jijini Rabat, Shirikisho la Kandanda Barani Afrika likamtawaza Hakimi. Aliyekuwa nyuma ya Mmisri kule Paris akawa mbele yake kule Rabat! Ni kweli kwamba tuzo hizo hazihesabu miezi ile ile wala hazina wapiga kura wale wale. Hata hivyo, tofauti hiyo yatosha kutuonyesha kwamba mwenye kipimo ndiye mwenye mshindi.

Tuanze na Salah. Katika mechi 38 za Ligi Kuu ya Uingereza alifunga mabao 29 na kutoa pasi 18 zilizozaa mabao. Jumla ya 47 haikuwa imewahi kufikiwa na yeyote katika msimu wa mechi 38. Andy Cole na Alan Shearer waliifikia zamani, lakini katika misimu ya mechi 42. Liverpool walitwaa ubingwa Aprili 27, wakiwa bado na mechi nne mkononi.

Tuje kwa Dembélé. Msimu wake ulianza kwa kusuasua. Oktoba 2024 kocha wake, Luis Enrique, alimwacha nje ya kikosi kilichokwenda kukabiliana na Arsenal, na hadi katikati ya Desemba mabao yake yalikuwa machache. Alipohamishiwa katikati ya safu ya mashambulizi, akageuka kuwa mtu mwingine. Alimaliza msimu akiwa na zaidi ya mabao 30 katika mashindano yote, na klabu yake ikanyakua Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa mara ya kwanza, kwa kuicharaza Inter Milan mabao 5-0 jijini Munich.

Wanaomtetea Dembélé wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Wawili hawa walikutana ana kwa ana mwezi Machi. Liverpool walishinda 1-0 jijini Paris. Wiki moja baadaye, ugani Anfield, Dembélé alifunga bao la pekee na PSG wakasonga mbele kwa mikwaju ya penalti. Katika mechi zote mbili Salah alizimwa kama mshumaa. Tangu hapo hadi mwisho wa ligi aliongeza mabao mawili tu. Hoja ya pili ni bora hata zaidi. Katika fainali ya Munich, Dembélé hakufunga bao lolote, lakini alimwandama kipa na walinzi wa Inter bila kuwapa nafasi ya kupumua. Kazi hiyo haiandikwi katika orodha ya wafungaji, ila kila aliyetazama kwa makini aliiona.

Mimi, pamoja na hayo, ningempa Salah. Sisemi hivi kwa kuwa ni Mwafrika; upendeleo wa namna hiyo ungeniweka katika kundi la wale ninaowalaumu. Nasema hivi kwa sababu waandalizi wa Ballon d'Or wenyewe, walipobadilisha kanuni mwaka 2022, waliagiza kwamba tuzo ihesabiwe kwa msimu badala ya mwaka wa kalenda, na kwamba mchango wa mchezaji binafsi utangulie, mafanikio ya timu yafuate, kisha nidhamu na uungwana. Kikombe kimewekwa nafasi ya pili. Tukiufuata mwongozo huo neno kwa neno, aliyeibeba timu yake kuanzia Agosti hadi ikawa karibu kufika kileleni anamzidi, japo kwa ncha ya ukucha, yule aliyeng'ara kuanzia Desemba. Mechi mbili za Machi zina uzito, lakini haziwezi kufuta miezi saba.

Hakimi naye ana mlango wake. Kabla yake, mlinzi wa mwisho kutawazwa mchezaji bora wa Afrika alikuwa Bwanga Tshimen wa Zaire, mwaka 1973. Huko Ulaya mambo si tofauti. Tangu Ballon d'Or ianzishwe mwaka 1956, kipa aliyeitwaa ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963. Na baada ya Fabio Cannavaro mwaka 2006, hakuna mlinzi aliyeipata hadi hiyo ya Dembélé. Je, tuamini kwamba kwa miaka hiyo yote walinzi hawakuwa na ubora wowote? La hasha! Bao linahesabika, ila bao lililozuiwa halina daftari. Ndiyo maana Rodri, kiungo mkabaji wa Uhispania, alipomshinda Vinícius Júnior kwa kura chache mwaka 2024, wengi walishangaa, na Real Madrid wakasusia sherehe.

Tusisahau pia kwamba kipimo huweza kumfungia mtu nje kabla hajaanza kukimbia. Hadi mwaka 1994, Ballon d'Or ilikuwa ya raia wa nchi za Ulaya pekee. Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, aliipata mwaka 1965 kwa kuwa alihesabiwa kuwa Mreno. Abedi Pele wa Ghana alitwaa ubingwa wa Ulaya na Marseille mwaka 1993, lakini jina lake halikuweza hata kuwekwa mezani. Kanuni ilipobadilishwa mwaka 1995, George Weah wa Liberia aliinyakua mwaka huo huo. Hakuna awezaye kusema kwamba vipaji vya Waafrika vilizaliwa mwaka huo. Kilichozaliwa ni mwongozo mpya.

Walimu wenzangu, suala hili si geni kwetu. Kwa karibu miaka 40, hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani wa KCPE ulimpima mtoto kwa siku chache baada ya miaka minane ya jasho. Aliyeamka na homa asubuhi hiyo alihukumiwa na homa yake. Mtaala wa umilisi umeingiza tathmini za shuleni katika hesabu, na ingawa tunalalamikia mzigo wake, kiini chake ni kile kile ninachokitetea hapa: kazi ya mwaka mzima ina haki ya kuonekana. Hata siku ya kutoa zawadi shuleni, ni mara ngapi tumempigia makofi aliyeongoza mtihani wa mwisho, tukamsahau aliyewafunza wenzake usiku kucha katika vikundi vya masomo? Huyo ndiye mlinzi wetu, na bao alilozuia hatulioni.

Kwa wanafunzi, nawaasa msiache kubishana. Mbishane kwa mpango. Kabla ya kumtaja mshindi, tajeni kipimo. Mkishakitaja, kifuateni hata kikiwapeleka kwa mchezaji msiyempenda. Na kwetu sisi tunaoshika kalamu nyekundu, muhula huu tunapoandaa orodha ya watakaotuzwa, tuanze kwa kuandika ubaoni, mbele ya wote, tunapima nini. Atakayekosa zawadi atajua kwa nini, naye atakayeipata hatakuwa na haja ya kuitetea.